Siku Ambayo Mama Hakuambiwa

Sauti ninayoikumbuka ni ya bakuli la udongo kuvunjika kwenye kizingiti chetu, asubuhi, jua likiwa bado la kuota. Haikuwa sauti kubwa. Ilifanya pwaa, halafu kipande kimoja kikabingirika kwenye ua ambao Mama alikuwa ameshaufagia, kikazunguka na kuzunguka kama kinatafuta pa kulala, kikatulia. Mimi nikacheka. Naomba mlijue hilo tangu mwanzo, maana nimelibeba muda mrefu. Nilicheka, nikapiga makofi, nikasema, "Mzee Salumu kaangusha! Mzee Salumu kaangusha!" Nilidhani mzee wa watu mikono imemteleza.

Mama hakunigombeza. Alikuwa amesimama na ungo, anapepeta. Akauweka chini, naye akakaa, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo wa kuni bila msaidizi. Mzee Salumu aligeuka akaenda zake na kikapu chake, ndani yake mabakuli ya nyumba nyingine, mazima, yamelaliana. Punde nikasikia vigelegele kwa jirani yetu Bi Fatu. Ndipo nikaacha kucheka, ingawa bado sikujua nimeacha kwa nini.

Nayaandika haya kwa sababu Mama naye ametutoka, kiangazi hiki kilichopita, na sasa nimebaki peke yangu ninayejua jambo lililokuwa baina yetu wawili. Nimesoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Tena mimi ni mtu wa kucheka. Wanaonijua pale Chunyu watashangaa, watasema, Somoe huyu huyu anayeota mchana na jembe mkononi, kwamba siku moja atapanda treni kule Nachingwea aende mpaka mwisho wa reli, akaone imefungwa kwenye nini? Ndiye huyu huyu. Lakini ninyi wenzangu wa umri wangu, mlioanza kupata akili wakati matrekta ya mashamba ya karanga yalipokuwa yanaangusha miti, nadhani mtanielewa. Pengine na wewe ulikuwa na mtoto nyumbani kwenu aliyenawa mikono kupita kiasi, mkamcheka.

Kaka yangu Bakari alikuwa amenizidi miaka mitatu. Alikuwa na meno yaliyopishana mbele na mluzi wa kuweza kumwita mbwa kutoka mtaa wa pili. Mwaka ule mavuno yalikuwa mazuri, wazee wakakubaliana vijana wapelekwe jando. Siku moja kabla ya kuondoka alinikuta natwanga, akanisimamia, mikono kashika kiunoni.

"Nikitoka kumbini nitakuwa mtu mzima," akasema. "Itabidi uniamkie shikamoo."

"Wewe? Shikamoo wewe na makamasi hayo?"

"Utaniamkia. Na utapiga na magoti."

"Labda magoti ya kuku."

Akanirushia ganda la muhogo, nikamrushia mchi, bahati nzuri haukumpata. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho ya maana. Asubuhi yake waliwachukua, ngoma mbele, akina mama nyuma wakiimba huku wanajikaza.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu nieleze kidogo. Wari, yaani vijana wa jando, hukaa kumbini porini mpaka wapone na wafundishwe yanayofundishwa. Mwanamke hafiki huko. Chakula hupikwa nyumbani, kikapelekwa hadi njia panda, na pale mlezi wa kumbi hukipokea. Mlezi wa mwaka ule ndiye huyo Mzee Salumu, mtu wa Marambo, aliyeitwa kwa kuwa alisifika kwa kazi hiyo. Na waliobaki nyumbani wana miiko yao. Chakula cha mwari hakitiwi chumvi mpaka atoke. Mama yake hakipakui, kwa kuwa ni mke wa mtu. Hupakua mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo, au bibi aliyekwisha kuzeeka. Bibi hatukuwa naye. Basi kazi ikawa yangu.

"Sikiliza, Somoe," Mama aliniambia akinifunga kanga kifuani. "Chakula cha kaka yako sasa kiko mikononi mwako. Ukishika chumvi, unawe. Kidonda cha mwari na chumvi havipatani."

Alisema mara moja tu, kama mama yeyote angesema. Mtoto mwingine angeitikia, angenawa, angekwenda kucheza. Mimi maneno yale yaliingia yakakaa. Mikononi mwako. Niliigeuza mikono yangu nikaitazama viganja, nikamwona Bakari amekaa humo, mdogo kama kifaranga, na mimi nikivifumba vibaya atakufa.

Mwanzo nilinawa mara moja. Halafu nikawaza, je, kama punje imejificha chini ya ukucha? Nikanawa tena. Kisha ikawa lazima ziwe mara tatu. Na kama katikati ya zile tatu nimefikiria jambo baya, zote ni bure, naanza upya. Na jambo baya lilikuja kila nilipoliogopa lisije: nilimwona Bakari kalala chali, nzi machoni. Sikuwa nasikia sauti ya shetani wala ya mtu. Yalikuwa mawazo yangu mwenyewe, ila yananiamrisha, kama mgeni aliyeingia bila hodi akakalia kitanda cha wenye nyumba.

Na unajua watu walisema nini? Walinisifu.

"Mama Bakari, una bahati wewe," Bi Fatu alikuwa akisema, mwanawe Jumaa naye akiwa kumbini. "Mtoto gani huyu! Wangu ukimwambia nawa, anajipangusa kwenye kanga yangu. Somoe, mwanangu, hebu nipakulie na la Jumaa, mkono wako msafi."

Basi nikawa nina watoto wawili viganjani. Akina mama kisimani walininyooshea kidole, tazameni mtoto anavyoshika mwiko. Nilivimba kichwa. Nilidhani hivi ndivyo kupenda kaka kulivyo, kwamba kupenda kunawasha ngozi. Simlaumu mtu. Kila mmoja aliona adabu. Ugonjwa wenyewe haukuwa na homa wala kikohozi, nani angeujua?

Mama peke yake ndiye aliyeanza kushtuka, na alianzia kwenye mtungi. Kiangazi kile kisima kilikuwa cha kusubiri: unachota kata moja, unangoja maji yajikusanye, unachota nyingine.

"Somoe, mtungi huu nimeujaza asubuhi."

"Nimenawa, Mama."

"Umenawa, au umeoga wewe na ukoo mzima?"

Akacheka, nami nikacheka. Halafu nikamuuliza, "Mama, leo nimeshika chumvi?"

"Hujashika. Chumvi iko darini, wewe hufiki."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hakika kabisa?"

"Somoe, kapeleke chakula."

Sasa nifike kwenye siku ya kidole. Jua lilikuwa kali, njia imepauka. Nilikuwa nimebeba bakuli la Bakari, ugali na mchuzi wa kunde, nikajikwaa, mchuzi ukanimwagikia kwenye kidole gumba. Bila kufikiri nikakiramba. Kilikuwa na chumvi.

Nilisimama pale katikati ya njia. Kunde nilizipakua mwenyewe, zilipikwa bila chumvi. Basi chumvi imetoka wapi kama si kwangu? Nilikuwa mtoto wa kama miaka tisa na sikujua kwamba jasho lina chumvi. Cheka ukitaka. Mimi pia nikikumbuka hucheka, halafu hunyamaza. Nikawa nataka kurudi nikamwage chakula chote, lakini Mzee Salumu alikuwa tayari anapiga makofi kule vichakani, ishara yake ya kuniambia kachelewa mtoto huyu, wari wana njaa. Miguu ikaenda yenyewe. Nikampa bakuli. Akasema, "Ahsante, mjukuu wangu," akapotelea majanini.

Nilirudi mbio. Nilipofika nikaramba mkono: chumvi. Nikanawa, nikakimbia kuzunguka nyumba ili mkono ukauke, nikaramba: chumvi tena. Nikaramba na goti. Mwili mzima chumvi. Niliona kama inanifuata, imeniingia, inatoka kwangu kama moshi kwenye paa. Tangu siku hiyo sikuhesabu tena mara tatu. Nilinawa mpaka Mama aninyang'anye kata. Ngozi ya vidole ikapasuka, ikatoa damu. Mama akaipaka mafuta ya nyonyo, nikayanawa, maana sikujua chupa ile ilikaa karibu na nini. Sikumwambia mtu. Ningemwambiaje?

Kisha, majuma kadhaa baadaye, siku ya wari kutoka, bakuli likavunjwa kizingitini.

Baadaye niliambiwa utaratibu wenyewe. Mwari akifa kumbini hatangazwi. Huzikwa huko huko, na chakula chake kinaendelea kupokelewa, wanakula wenzake, ili nyumba nyingine zisiingiwe hofu na kazi isivunjike. Siku ya kutoka, kila mama hurudishiwa bakuli. Aliyerudishiwa zima, mwanawe yuko njiani, amenyolewa, amevaa nguo mpya. Aliyevunjiwa, ameelewa. Wala haambiwi alikufa siku gani wala kwa nini. Mambo ya kumbini hayaelezwi kwa wanawake. Kwa hiyo Mama alimpikia mwanawe asiyekuwepo kwa siku ambazo hadi leo sijui idadi yake. Nami nilimnawia mikono.

Ilikuwa kisimani, baada ya watu wa msiba kupungua, nilipomwambia. Tulikuwa tunangoja maji yajikusanye.

"Mama, mimi ndiye niliyemuua Bakari."

Hakupiga kelele. "Umemuuaje?"

Nikamwambia yote, kidole, mchuzi, chumvi iliyotoka kwangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha mkono wake, ule aliobebea mtungi, unang'aa kwa jasho.

"Ramba," akasema.

"Mama?"

"Nimesema ramba."

Nikaramba. Chumvi.

"Sasa ramba wako."

Chumvi ile ile.

"Ni jasho, Somoe. Chumvi hii wote tunayo. Bi Fatu anayo, baba yako anayo, mtoto mchanga anayo. Hata machozi yanayo. Mungu alituumba hivyo." Akanifuta uso kwa kanga. "Hukumuua mtu."

Jamani, nilikuwa mwepesi! Nilipanda ule mteremko na ndoo kichwani nikitembea kama nacheza ngoma. Ilidumu mpaka kwenye mkorosho wa kwanza. Pale lile wazo likaja likanishika bega: lakini je, kama siku ile haikuwa jasho?

Baada ya arobaini, ukoo ulikaa uani kwetu. Alikuwepo Baba, alikuwepo Mjomba Mfaume, kaka yake Mama, ambaye kwa desturi zetu ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Baba alikuwa amekonda. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyefiwa na mwana wa kiume na anataka mahali pa kuuweka uchungu.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Nani alivunja mwiko ndani ya nyumba hii?"

Nikasimama. Wallahi nilisimama, na mdomo nimeshaufungua. Mama alikuwa amekaa nyuma yangu. Alinivuta kanga nikaanguka kitako.

"Ni mimi," akasema. "Nilimkumbuka mwanangu wakati napika, nikalia juu ya chungu. Machozi yakaingia. Machozi yana chumvi."

Kuku walisikika wakiparua. Mjomba aliinamisha kichwa. Baba alimtazama Mama, akasema kwa sauti ndogo, "Mama Bakari, ungeniambia. Ungeniambia tu."

Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, kwa hiyo wakishindwana ni yeye anayeondoka. Baba alichukua jembe lake, mkeka wake na taa, akaenda Nachingwea kwenye mashamba ya karanga. Tulisikia baadaye kaoa huko. Siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa mtu yeyote kumwita Mama kwa jina la Bakari. Taratibu watu wakaanza kumwita Mama Somoe. Na mimi, mtoto mjinga, niliposikia hivyo nilijificha nyuma ya ghala nikalia, maana niliona sasa nimemwibia kaka yangu mpaka jina.

Mpaka leo sijui kama kweli Mama alilia juu ya chungu, au aliyachukua maneno yangu ya kisimani akayashona akayavaa yeye. Nilimuuliza. Ee, nilimuuliza!

"Mama, kweli ulilia?"

"Nililia."

"Juu ya chungu?"

"Juu ya chungu."

"Siku gani? Kabla ya siku yangu ya kidole au baada?"

"Kabla."

"Unakumbukaje?"

Alijibu asubuhi, alijibu shambani, alijibu akiwa na kuni kichwani. Kila jibu lilikuwa tamu kama muwa, na kama muwa, ukishatafuna unabaki na makapi, unataka kipande kingine. Mwalimu wa chuo cha Kurani akasema ni wasiwasi, akaniandikia kombe, aya kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, ninywe. Nilikunywa, kisha nikakaa siku nzima nikijiuliza kama nimelimaliza au kuna tone lilibaki kwenye sahani. Mama akamwomba radhi mwalimu, hatukurudi tena.

Kisha siku moja, wakati wa kupanda, Mama aliketi chini kwenye matuta katikati ya kazi, akanivuta kando yake.

"Nimeona jambo," akasema. "Nikikujibu asubuhi, unauliza mchana. Nikikujibu mchana, unauliza kabla sijafunga mdomo. Majibu yangu yamekuwa maziwa. Wewe unajua ulivyosumbua kuacha ziwa?"

"Sijui."

"Ulikuwa na meno mdomo mzima. Unanikimbilia mbele za watu, unafungua kanga mwenyewe kama unafungua mlango wa kwenu. Nikapaka shubiri. Ulilia siku nne. Mimi nililia tano." Akacheka kidogo. "Sasa nakuachisha tena. Kuanzia leo, ukiniuliza habari za siku ile, nitakujibu 'sijui.'"

"Lakini Mama, wewe unajua! Ulisema..."

"Sijui, Somoe. Sijui siku aliyokufa mwanangu. Hawajaniambia na hawataniambia. Sijui ni chumvi, sijui ni homa, sijui ni kisu, sijui ni Mungu tu. Unadhani mimi sijiulizi? Najiuliza hata sasa, mbegu hizi mkononi. Halafu nafukia mbegu."

Nilimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kupita akilini mwangu kwamba Mama naye alikuwa nalo. Mimi nilidhani lile swali ni langu peke yangu, kama vile kovu.

Shubiri ile ilikuwa chungu, nisiwadanganye. Siku ya kwanza nilimfuata ua mzima nikimshika kanga, nikipiga kelele, "Sema basi! Sema hujui lakini unafikiri!" Akasema, "Sijui, mwanangu," huku uso wake umekunjamana kama anayetolewa mwiba. Bi Fatu akachungulia juu ya ua.

"Mama Somoe, mjibu mtoto jamani, anaumia!"

"Najua anaumia," Mama akamjibu. "Nikimjibu ataumia zaidi kesho. Niache, shoga yangu."

Bi Fatu akasusa, wiki nzima hakuja kuomba moto.

Na mikono hali kadhalika. Tulipatana: kunawa mara moja, kisha kata inarudi juu ya mtungi, na mimi na Mama tunakaa upenuni tunamenya kunde, hofu ikiwa ndani yangu inachemka.

"Mgeni wako amekuja?" Mama aliuliza. Hilo jina nilimpa mimi, nilipomweleza habari za kile kitanda.

"Amekuja."

"Anasemaje?"

"Anasema ninawe. Anasema nisiponawa na wewe utakufa."

"Ana maneno mabaya mgeni huyo. Usimfukuze, hatatoka kwa kufukuzwa. Mwache akae. Usimpikie tu."

Basi tunamenya. Viganja vinawasha, nahesabu maganda, Mama ananipiga kikofi cha mkono kwamba hata kuhesabu ni kumpikia. Siku ya kwanza nilitapika. Siku nyingine nilitoroka nikajisugua kwa majivu nyuma ya jiko. Akanikuta, nikangoja kofi. Akaketi karibu nami. "Leo kakushinda," akasema. "Kesho tunaye tena." Hata kunigombeza hakunigombeza. Na polepole nikaona kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniambia: hofu ikiachwa bila kulishwa hupanda, hupanda, halafu inachoka yenyewe, kabla hata bakuli la kunde halijajaa. Sikuiona siku moja. Ilichukua masika yote na kipande cha kiangazi. Ngozi ya mikono ikarudi. Nikaanza kucheka tena, nikaanza na ndoto zangu za treni. Sijui kama jambo hili lina jina hospitalini. Kwetu sisi lilikuwa mgeni tu, na bado hupita mara moja moja, ananisalimu.

Kuna kitu kimoja hakinipi raha. Siku moja nilimfuata Mama kisimani bila yeye kujua, nikitaka kumshtua kwa utani. Nikamkuta ameinama, anangoja maji, anaongea peke yake. "Ilikuwa siku gani, baba?" alikuwa akisema. "Niambie tu siku." Mama alimwita Bakari baba, kama wanavyoitwa watoto wa kiume. Mimi nilisimama nyuma ya mti. Nilijua cha kufanya, si nilikuwa nafanyiwa kila siku? Ningetoka, nikakaa karibu naye, nikasema, sijui, Mama, na mimi sijui. Sikutoka. Niliogopa kumwona Mama akiwa mtoto. Nikarudi nyumbani kwa vidole vya miguu, na sikuwahi kumwambia kwamba nilisikia.

Kiangazi hiki homa ilimchukua kwa siku sita. Nilimuuguza mwenyewe. Tulipomaliza kumzika, mgeni akarudi, tena safari hii amekuja na mizigo yake yote. Dawa ulimpa sawasawa? Maji yale uliyachemsha? Na Bakari je? Uliishi na huyu mama miaka yote, ukala ugali wake, na huenda ni wewe uliyemwachia nyumba tupu. Nikajikuta nanawa. Mara mbili, mara tatu.

Mjomba Mfaume aliniona. Ni mtu mwema, alitaka kunisaidia.

"Mwipwa wangu," akasema, "Mzee Salumu yu hai bado, kule kwake Marambo. Kazeeka, siku hizi hana siri tena, anaongea kila kitu. Nenda ukamuulize siku aliyokufa kaka yako, ile uliyokuwa ukiililia utotoni. Atakuambia, utulie."

Sikungoja keshokutwa. Nilidandia lori la mihogo kutoka Ruangwa hadi Nachingwea, nikapita karibu na reli bila hata kuitazama, mimi, Somoe! Kutoka hapo nikatembea kwa miguu. Njia nzima nilijisemea maneno ya kumuuliza, ili nisikosee hata moja. Nilifika Marambo jua limeanza kupungua. Mke wa mzee alinipokea vizuri, wala hakuniuliza shida yangu.

"Karibu, mwanangu. Mwenyewe yuko shamba, hapo tu, sasa hivi anarudi. Kaa. Mimi nateremka mara moja nichote maji."

Akaondoka na ndoo. Nikabaki peke yangu uani kwa mtu aliyeijua siku.

Nilikaa. Mikono ilikuwa inawasha. Nikawaza, akisema ilikuwa kabla ya siku ya kidole, nitakuwa safi. Nikahisi ule wepesi, ule wa kupanda mteremko kama nacheza ngoma. Kisha nikawaza, je, mzee wa umri huu anakumbuka vizuri? Nitamuuliza ana hakika. Atasema anayo. Nitamuuliza, hakika kabisa? Nikajiona nimemshika kanzu, nimemfuata ua mzima.

Halafu nikawaza kuhusu Mama. Marambo si mwisho wa dunia. Kulikuwa na miaka yote ile, na alikuwa na miguu yenye nguvu kuliko yangu. Angeweza kuja. Angekaa hapa hapa nilipokaa, angeuliza, angejua siku aliyokufa mwanawe. Wakati huo huo angekuwa ameniletea mimi nyumbani jibu la kunyonya maisha yangu yote. Hakuja. Alikuwa akinena na kisima, akabeba maji, akarudi kuniambia sijui.

Nililia pale, kilio cha kelele, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Kutoka upande wa shamba nikasikia mzee anakohoa, yuko mbali kidogo, anakuja taratibu. Mbuzi wake walitangulia wakaingia uani wakaelekea mkekani, ambako mke wake alikuwa ameanika mtama. Nikainuka nikawafukuza. Nikaukunja mkeka pembe zote nne juu ya mtama, nikatafuta mawe mawili nikayaweka juu yake. Nikashika njia ya upande wa pili, kabla mzee hajafika.